Kichaka Kinachoitwa Mwanzi

Ukishuka kutoka Rwamishenye kuelekea ziwani, utakiona mbele ya nyumba nyingi za Bukoba: kichaka cha mashina membamba, ya manjano yaliyochanganyika na kijani, yenye pete zilizopangana kama za mwanzi. Juu kuna makuti yanayojikunja kwa upole na kutikiswa na upepo wa Ziwa Victoria kutwa nzima. Nimewauliza wenye nyumba wengi wanauitaje mti huo. Jibu ninalolipata mara nyingi ni "mianzi ya maua". Wachache husema "areca", kwa kuwa ndivyo walivyoambiwa kitaluni walipoununua.

Majina yote mawili yana kasoro. Kasoro ya kwanza iligharimu kichaka changu.

Nilikuwa nimenunua mche wenye mashina matano kwenye kitalu kimoja, nikaupanda karibu na ukuta. Miaka mitatu baadaye ulikuwa umepita dirisha, nami nikataka kuupunguza kimo. Nilikwishaona watu wakikata mianzi katikati, ikabaki hai na kutoa matawi mapya kwenye vifundo. Nikachukua panga, nikakata mashina yote matano usawa wa kifua. Hakuna hata moja lililochipua. Baada ya miezi michache yalikuwa yamekauka hadi chini, meusi ndani. Mzee mmoja jirani alikuja kuniona, akayagonga kwa fimbo yake, akasema, "Waitu, umeukata moyo. Huu si mwanzi, huu ni ndugu wa mnazi." Akainama, akafukua majani makavu kwenye kitako cha kichaka, akanionyesha vichipukizi viwili vidogo vilivyokuwa vimejificha. Hivyo ndivyo vilivyokiokoa kichaka.

Mwanzi ni nyasi. Uko kwenye jamii moja na muwa, mahindi na majani ya rweya, yaani uwanda wa nyasi, tunayofyeka na kutandaza. Shina lake lina uwazi ndani, na kila kifundo kina jicho linaloweza kutoa tawi. Mti wa jamii ya minazi haujengwi hivyo. Shina lake limejaa nyuzi ndani, halitoi matawi pembeni, na lina sehemu moja tu ya kukulia: kule kileleni, ndani kabisa ya makuti machanga, mahali ambapo watu wa pwani hupaita shaha. Ukikata shaha umeliua shina zima, hata kama lina mita sita za afya chini yake. Zile pete zinazotudanganya si vifundo. Ni makovu: kila pete ni mahali ambapo kuti moja lilishikilia, likazeeka, likaanguka.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni jepesi na halihitaji kisu. Tazama shina kuanzia chini hadi juu. Ukiona vijitawi vinatoka kwenye pete, hata vidogo kama njiti, huo ni mwanzi. Ukiona shina ni safi mpaka kwenye makuti, uko kwenye jamii ya minazi, na kazi ya kuutambua ndiyo kwanza inaanza.

Kinachotatiza ni kwamba ndani ya jamii hiyo iko miti kadhaa inayoota kwa vichaka, na vitalu vyetu huiuza kana kwamba ni mmoja. Ule wa Bukoba mjini, wenye vikonyo vya manjano, asili yake ni mashariki mwa Madagaska. Hermann Wendland, Mjerumani aliyebobea katika miti ya jamii hii, aliupa mwaka 1878 jina la Chrysalidocarpus lutescens. Mwaka 1995 wataalamu Henk Beentje na John Dransfield walipotoa kitabu chao kikubwa kuhusu miti hiyo ya Madagaska, waliuingiza kwenye kundi la Dypsis, na vitabu vingi vikafuata. Mwaka 2022, baada ya uchunguzi wa vinasaba, ukarudishiwa jina lake la zamani. Ndiyo sababu ukitafuta habari zake utakutana na majina mawili ya mti mmoja. La "areca" ni la kibiashara tu. Areca wa kweli ni mpopoo, mti wa shina moja unaotoa popoo zinazotafunwa na tambuu kule Zanzibar na Mombasa. Mwenye kichaka cha Madagaska atasubiri popoo mpaka achoke.

Sisi wa Kagera hatupaswi kushangaa majina yanapobadilika. Kahawa yetu wenyewe ilipitia hayo. Emin Pasha, mjumbe wa Wajerumani, alipoanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, alifuatana na Franz Stuhlmann, mtu aliyekuwa akikusanya mimea kila alipopita, akaikausha na kuipeleka Berlin. Baadaye kahawa ya Wahaya, ile iliyokuwa ikichemshwa na kutafunwa kabla ya mkoloni yeyote kufika, iliandikwa na wataalamu kama aina ya pekee: Coffea bukobensis. Leo jina hilo limefutwa na kuunganishwa na robusta, Coffea canephora. Na mimea mingi mikavu iliyohifadhiwa Berlin iliteketea kwa mabomu mwezi Machi 1943. Jina la mmea hukaa kitabuni kwa muda, kisha hubadilishwa. Alama za mmea hubaki kwenye mmea wenyewe, uani kwako, na ndizo ninazotaka msomaji ajifunze kuzisoma.

Alama ninayoipenda kuliko zote iko kwenye kuti. Kuti lina mti wa kati, upongoo, na pande zake mbili vimepangwa vijani vyembamba. Chukua kijani kimoja, ukitazame pale kinapoungana na upongoo. Hapo huwa kimekunjwa, na mkunjo wake huelekea upande mmoja kati ya miwili. Kwenye mnazi, mpopoo na kichaka cha Madagaska umekunjwa kama paa la nyumba, mgongo juu, maji yakateremka kushoto na kulia. Kwenye mtende na mkindu umekunjwa kama mfereji, tumbo juu, na tone la mvua linaweza kukaa ndani yake. Paa au mfereji. Mtoto wa darasa la pili anaweza kulitofautisha hilo kwa kidole, na nimeona watu wazima wakifurahi kama watoto walipoligundua kwa mara ya kwanza kwenye mti waliokaa nao miaka kumi.

Ukipata mfereji, tena ukakuta vijani vya chini kabisa vimegeuka kuwa miiba mirefu migumu, umekutana na mkindu, Phoenix reclinata. Huo nitaurudia, maana ndio mwenyeji wetu.

Ukipata paa, tazama rangi na unene. Kichaka cha Madagaska kina vikonyo vya manjano hadi rangi ya chungwa, vyenye vidoadoa vyeusi, na shina changa limepakwa vumbi jeupe linalofutika kwa kidole. Makuti yake yana vijani vingi, makumi kila upande, navyo husimama kidogo kwenda juu, hivi kwamba kuti likitazamwa kwa mbele hufanana na herufi V. Likiwa juani huwa la manjano; kivulini hukolea kijani. Ukikuta mashina ni membamba kama kidole, ya kijani kibichi, na kichaka kizima hakizidi sana kimo cha mtu, huenda una mti wa Amerika ya Kati, Chamaedorea seifrizii. Huu kwa kweli ndio unaofanana na mwanzi kuliko wote. Vijani vyake si vingi, na punje zake zikiiva huwa nyeusi, zikiwa juu ya vikonyo vya rangi ya chungwa iliyokolea wekundu vinavyopendeza macho. Waonye watoto wasizichezee punje hizo, kwa sababu maji yake huwasha ngozi. Jina Chamaedorea limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni zawadi iliyo karibu na ardhi, kwa kuwa matunda yake hufikiwa bila kupanda.

Kuna tofauti nyingine kati ya hiyo miwili ambayo wauzaji huisahau. Kichaka cha Madagaska hubeba maua dume na jike kwenye karara moja, kwa hiyo mti mmoja unaweza kuzaa peke yake. Ule wa Amerika una miti dume na miti jike mbalimbali. Ukiwa na mmoja tu, usingoje mbegu.

Ukikuta ncha za vijani zimekatika ovyo kana kwamba zimeng'atwa na panzi, usimlaumu panzi. Huo ni Ptychosperma macarthurii, mgeni kutoka New Guinea na kaskazini mwa Australia, unaopendwa sana kwenye bustani za nchi za joto. Na vile vichaka vifupi vya vyungu vya ofisini, vyenye jani kama kiganja kilichotanuka na shina lililovikwa nyuzi za kahawia, ni Rhapis kutoka China.

Nimeutaja undugu wa kichaka chetu na mnazi, lakini yuko ndugu wa karibu zaidi ambaye Watanzania wengi hatumjui. Kisiwani Pemba, ndani ya msitu wa Ngezi, kuna mti uitwao mpapindi. Unaota kwa kichaka, mashina yake ni membamba yenye pete, na matunda yake huwa mekundu. Mtaalamu wa Marekani, Harold Moore, aliuandika mwaka 1962 kwa jina la Pemba yenyewe: Chrysalidocarpus pembanus. Ni ndugu wa damu wa kile kichaka cha manjano cha Bukoba. Ajabu yake ni hii: ndugu zake wote wengine wako Madagaska na visiwa vya Komoro. Huu mmoja tu uko Pemba, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Madagaska, na hauoti kwa asili mahali pengine popote duniani. Tunanunua ndugu wa ng'ambo kwa fedha nyingi na kumpanga mstari mbele ya hoteli, na huyu wa kwetu ametajwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Naona uchungu kila ninapoliwaza hilo. Msitu wa Ngezi ni hifadhi, na mpapindi haung'olewi wala kuchumwa kiholela. Lakini bustani za mimea na vyuo vyetu vya misitu vina kila sababu ya kuuzalisha kwa kibali na kuufanya ujulikane.

Sasa kwenye udongo. Bukoba iko kwenye kimo cha mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukanda wa ziwa hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Kwa miti hii, maji si tatizo. Tatizo ni kwamba mvua hiyo hiyo imekuwa ikiuosha udongo wetu wa mchanga kwa maelfu ya miaka, ikaondoka na chumvichumvi zake. Wazee walijua. Ndiyo maana kibanja, shamba la migomba la nyumbani, kilijengwa kwa samadi na majani yaliyobebwa kutoka rweya, kizazi baada ya kizazi, mpaka ardhi ikawa nyeusi chini ya migomba. Anayepanda mti wa mapambo mbele ya nyumba mpya, kwenye udongo mwekundu ulioletwa na greda, yuko rweyani hata kama anwani yake ni mjini. Mpe mti wake kibanja kidogo: shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha matandazo ya majani makavu ya migomba, yasiguse mashina.

Dalili ya njaa huonekana kwenye makuti ya zamani, yale ya chini. Madoa ya rangi ya chungwa na ncha zinazokauka humaanisha potasiamu imepungua. Kingo za manjano na katikati kijani humaanisha magnesiamu. Hapa watu wengi hukosea kwa nia njema: hukata makuti yanayougua ili mti upendeze. Mti huu hunyonya potasiamu kutoka kwenye kuti la zamani na kuilisha kuti jipya. Ukilikata kabla halijakauka lenyewe, umeuondolea chakula, na ugonjwa utapanda kwenye kuti linalofuata. Weka majivu ya jikoni kiasi, weka samadi, uwe na subira. Kuti lililoharibika halirudi kijani, ila yajayo yatakuwa mazima.

Hali ya hewa nayo hubadilika ukitoka mjini: hata wilaya jirani ya Muleba si sehemu moja. Kwenye mwinuko wa Kamachumu usiku una baridi, na kichaka cha Madagaska hukua polepole. Mti wa Amerika ya Kati huvumilia vizuri zaidi, hasa upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Ukienda magharibi kuelekea Ziwa Burigi mvua hupungua sana, na wakati wa kyanda, kiangazi cha Juni hadi Agosti, mche wa mwaka wa kwanza usiomwagiwa maji utakufa. Kote kote, panda mvua zinapoanza, Septemba na Oktoba au Machi, ili mizizi ipate miezi ya kushika ardhi.

Mche upatikane vipi? Njia mbili. Ya kwanza ni kugawa kichaka, na hapa mkulima wa migomba ana uzoefu tayari. Fukua taratibu, tafuta chipukizi lenye mizizi yake, likate kwa kisu kikali kilichosafishwa, ulipande siku hiyo hiyo kivulini. Usichukue lisilo na mizizi. Tofauti na mgomba ni kwamba mizizi ya jamii ya minazi iliyokatwa hupona kwa shida, kwa hiyo tegemea mche ukae miezi bila kuonyesha kitu. Njia ya pili ni mbegu. Chuma tunda lililoiva, vua nyama yake, loweka siku moja au mbili, zika kidogo kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika na kivuli. Mbegu ikikauka kabatini huwa imekufa. Panapo joto huota baada ya miezi miwili hadi mitatu. Kwa baridi ya Bukoba ongeza subira. Jani la kwanza la mche wa Madagaska hutoka limepasuka mara mbili kama mkia wa mbayuwayu. La mkindu hutoka moja, jembamba, refu, kama jani la nyasi, na wengi huling'oa wakidhani ni gugu.

Jambo la kitaluni ambalo ni haki ya mnunuzi kulijua: kichaka kwenye kiriba mara nyingi si kichaka. Ni mbegu kumi au kumi na tano zilizooteshwa pamoja ili mche uonekane umejaa. Si udanganyifu, ni desturi ya biashara hiyo dunia nzima, ila usishangae baadhi ya mashina yakifa kwa kusongwa. Yapunguze mapema. Kwenye mgomba tunafundishwa kubakiza mama, binti na mjukuu; kwenye kichaka hiki naacha mashina makubwa sita au saba na vichipukizi vitatu vya kuyarithi, na ninaloliondoa nalikata chini kabisa, usawa wa ardhi.

Nirudi kwa mkindu, maana kwangu hapo ndipo heshima ya sura hii ilipo. Mashina yake huinama kwenda nje pande zote, na ndiyo maana Nikolaus von Jacquin, alipouandika mwaka 1801, aliuita reclinata, wenye kuegemea. Unaota wenyewe kwenye mabonde yenye maji, kingo za ziwa, msitu wa Minziro karibu na mpaka wa Uganda, na kisiwa cha Rubondo. Waganda huuita mukindo na husuka mikeka kwa majani yake, kama watu wa pwani wanavyosuka kwa ukindu. Hauhitaji samadi ya kubembelezwa wala kivuli. Unahitaji udongo wenye unyevu na nafasi, kwa sababu miiba yake haifai kuwa karibu na njia ya watoto. Kwenye mpaka wa chini wa shamba, upande wa bondeni, pale ambapo mlamula, mti wetu wa mipakani, hauoti vizuri kwa sababu ya maji, mkindu unasimama miaka mingi na kushika ukingo usimomonyoke.

Hauuzwi kwenye vitalu vingi. Watu huukumbuka Jumapili ya Matawi, hushuka bondeni na panga, na kwa haraka ya asubuhi hukata kuti changa lililosimama katikati kwa kuwa ndilo laini na jeupe. Kuti hilo limetoka moja kwa moja kwenye shaha. Likikatwa na tonge la ndani, shina limekwisha, kama mashina yangu matano. Ewe unayeshuka bondeni mwaka huu: chukua makuti mawili yaliyokwisha kufunguka, ya pembeni, kutoka kila shina, na lile la katikati uliache lilipo.